Mnyororo wa maswali: shajara ya mtunza zamu

Siku ya 1

Kundi letu ni la watu wanaocheza sataranji kwa kuandikiana. Kila mmoja ana siku tatu za kufikiria hatua moja, kwa hiyo muda mwingi kundi limepoa kama chumba cha mtihani. Mtu anasogeza farasi Jumatatu, mwenzake anajibu Alhamisi, na katikati hapo hakuna anayesema neno. Leo Fundi amechoka na ukimya huo akapendekeza chemshabongo ya zamu.

Sheria tulizokubaliana ni chache. Mmoja anauliza swali la maarifa ya jumla. Wa kwanza kujibu sawasawa anachukua zamu na kuuliza lake. Aliyeuliza ndiye anayethibitisha jibu, si mwingine. Maswali ya sataranji ni marufuku, kwa kuwa Nahodha na Mwalimu wanakumbuka mechi za miaka ya nyuma kama watu wengine wanavyokumbuka majina ya wajomba zao, na sisi tungebaki watazamaji. Mtu akishindwa anaandika "mji", kama kwenye vitendawili, ila huku halipi chochote.

Mimi nimepewa utunza zamu kwa sababu moja tu: nina lahajedwali. "Kazi ndogo tu hiyo, ndugu yangu," kasema Nahodha.

Swali la 1, la Fundi: ni mnyama gani wa baharini mwenye mioyo mitatu? Mdogo wetu, ambaye ndiye mchanga kuliko wote kundini, akajibu pweza kabla sijamaliza kusoma. Miwili inasukuma damu kwenye viungo vya kupumulia, wa tatu unaisambaza mwilini. Swali la 2: kwa nini alama ya kikemia ya risasi ni Pb? Ni kwa ajili ya jina lake la Kilatini, plumbum. Tukaendelea hivyo hadi swali la 9.

Makadirio yangu ya mradi, nayaandika rasmi: dakika tano za kutunga swali, dakika moja ya kujibiwa, maswali 20 kwa siku. Tutafika swali la 100 kabla ya wiki kwisha.

Siku ya 3

Mnyororo umekatika kwa mara ya kwanza. Jana asubuhi Bi Mhasibu alijibu swali la 11, akathibitishiwa, akapongezwa, kisha akapotea. Saa 31. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuuliza, kwa hiyo watu kumi na wawili tumekaa tunamsubiri mmoja. Aliporudi alishangaa. Alikuwa amejibu akiwa mbioni kwenda kazini, hakukumbuka kabisa kwamba kujibu kunamletea deni.

Hili sikulifikiria. Nilidhani hatari ya mchezo ni swali gumu lisilojibika. Kumbe swali gumu linawachangamsha watu, wanabahatisha, wanataniana. Kinachoua mchezo ni mtu kuwa na zamu mkononi na asiitumie.

Tumeweka kikomo: saa 24 tangu jibu kuthibitishwa. Zikipita, zamu inakuwa huru na yeyote anaweza kuiokota.

Utekelezaji wake umeanza kwa vurugu. Nahodha alimwandikia mwenye zamu kwamba ana mpaka saa mbili. Nusu ya kundi wakaelewa saa mbili ya usiku. Nusu nyingine, waliozoea saa ya simu, wakaelewa 2:00, yaani saa nane ya usiku. Mwalimu akaiokota zamu akiamini muda umeisha, mwenyewe akaja na swali lake akiamini ana saa sita zaidi. Maswali mawili yakasimama kwa wakati mmoja na kila moja likapata jibu. Nimeyaingiza yote kwenye lahajedwali kama 13 na 13b, na aibu ni yangu.

Kuanzia leo hatutaji saa ya ukutani. Tunasema "zimebaki saa tisa" basi. Ukihesabu muda uliobaki, tofauti ya mahali ulipo na namna unavyosoma saa haina nafasi. Mwalimu akaligeuza papo hapo kuwa swali la 14: nchi gani saa zake ziko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 5 na dakika 45? Nepal. Ilichukua vidokezo viwili.

Siku ya 5

Swali la 19, kutoka kwa Nahodha: "Ziwa refu kuliko yote duniani ni lipi?"

Bi Mhasibu akajibu Tanganyika. Nahodha akasema hapana. Fundi akajibu Baikal. Nahodha akasema ndiyo.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Bi Mhasibu alikuwa na haki ya kukasirika. Tanganyika ina urefu wa takriban kilomita 670, na katika maziwa ya maji baridi hakuna linaloipita. Baikal ina kilomita 636 hivi. Lakini Nahodha hakuwa anazungumzia urefu wa kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa anazungumzia kina, ambapo Baikal inaongoza kwa mita 1,642 na Tanganyika ni ya pili kwa mita 1,470 hivi. Kwake, "kina kirefu" na "ziwa refu" vilikuwa kitu kimoja.

Lugha yetu inalibebesha neno "refu" mizigo mingi. Mtu ni mrefu kwenda juu, barabara ni ndefu kwenda mbele, kisima ni kirefu kwenda chini. Ukiuliza "mlima mrefu", unamaanisha nini? Everest ina mita 8,848.86 juu ya usawa wa bahari, kwa kipimo kilichotangazwa 2020. Mauna Kea, ukianza kupima kutoka kitako chake chini ya bahari, unapita mita 10,000. Na kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha Dunia ni cha Chimborazo huko Ecuador, wenye mita 6,263 tu, kwa kuwa Dunia imetutumka kwenye ikweta. Majibu matatu, na kila moja lina mtetezi mwenye hasira.

Mwalimu akaongeza la chumvi: Bahari ya Kaspi ukiihesabu kuwa ziwa, basi Tanganyika na Baikal wote wakae pembeni, maana ile inafika kilomita 1,200 hivi.

Uamuzi: zamu ibaki kwa Fundi, kwa sababu aliyeuliza ndiye mwenye jibu, ila Nahodha amwombe Bi Mhasibu radhi. Ameomba. Sheria mpya ni kwamba neno refu, kubwa au la kwanza lisitembee peke yake. Sema refu kwa kipimo gani, kubwa kwa eneo au kwa watu, la kwanza tangu lini.

Siku ya 8

Tumegundua aina ya pili ya swali bovu: lile lililokuwa sahihi siku mtu alipolijifunza.

Swali la 33 liliuliza nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa eneo. Safari hii kipimo kilitajwa, nikafurahi. Muulizaji akathibitisha Sudani. Alisoma hivyo shuleni, na alisoma vizuri, ila Sudani Kusini ilijitenga Julai 2011 na tangu hapo jibu ni Algeria.

Jioni tukakaa tunazitaja nyingine, bila kuhesabu zamu. Sayari tisa, mpaka Pluto ilipoondolewa kwenye orodha Agosti 2006. Mji mkuu wa Kazakhstan, ulioitwa Astana, ukawa Nur-Sultan 2019, ukarudi kuwa Astana 2022. Hilo ni gumu kweli, kwa kuwa mtu ambaye hajafuatilia habari tangu 2018 anapata na aliyefuatilia nusu anakosa. Sayari yenye miezi mingi: mwanzoni mwa 2023 Mshtarii ilikuwa mbele, kabla ya mwaka kufika katikati Zohali ikarudi kileleni, na Machi 2025 ikaongezewa miezi 128 kwa mpigo, jumla 274.

Nimeongeza safu kwenye lahajedwali yenye kichwa "je, laoza?"

Siku ya 9

Maswali matatu tu, yote yamejibiwa, hakuna aliyelalamika.

Siku ya 12

Kuchungulia. Nilijua litakuja.

Swali la 44 lilijibiwa ndani ya sekunde 40 na mtu ambaye siku zote huandika bila nukta wala mkato. Jibu lake lilikuja na mabano, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno "mashuhuri". Hakuna aliyemtaja. Mdogo wetu aliandika tu, "Eh, leo kaka umevaa suti," kundi zima likacheka, na mwenyewe akacheka pia na kuikataa zamu.

Nahodha alitaka sheria kali. Mimi nilipinga. Hatuwezi kuingia kwenye simu ya mtu, na mchezo ukishaanza kuhitaji askari umeshakuwa kitu kingine. Bora tubadilishe maswali yenyewe. Swali la aina ya "nani alifanya nini mwaka gani" linajibiwa na injini ya utafutaji haraka kuliko binadamu yeyote. Lakini kuna maswali ambayo kutafuta kunachosha kuliko kufikiri. Fundi alitoa mfano mzuri siku hiyohiyo, swali la 45: "Kuna lugha ambazo sayari moja na metali moja vina jina lilelile. Kwa Kiswahili vina majina mawili tofauti. Yataje yote mawili." Jibu ni Utaridi na zebaki. Ukiandika swali hilo kwenye simu unapata takataka. Ukitulia na kuzipitia sayari moja moja kichwani, unafika.

Watu wanane walijaribu. Hakuna swali kabla ya hapo lililopata wajibuji wanane. Mmoja alishikilia Zuhura na shaba kwa robo saa nzima, na hoja zake zilikuwa za kuvutia kuliko jibu.

Siku ya 13 na ya 14

Naziandika pamoja kwa sababu zilikuwa swali moja.

Swali la 47, la Bi Mhasibu, aliyeliandaa kwa uangalifu ili lisimpate la Nahodha: "Ni sayari ipi ya mfumo wetu wa jua ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake?"

Mdogo wetu: Zuhura. Bi Mhasibu: sahihi. Dakika nne, safi kabisa. Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na hulizunguka Jua kwa siku 225. Nikaandika, nikafunga simu.

Nilipoifungua tena palikuwa na ujumbe 60.

Fundi alikuwa ameandika, "Naomba kupinga kwa heshima. Jibu ni Utaridi."

Mdogo wetu: "Shikamoo Fundi. Utaridi inajizungusha kwa siku 59 na mwaka wake ni siku 88. Hesabu haikubali."

Fundi: "Marahaba. Sasa niambie, siku ni nini?"

Akaeleza taratibu, naye akianza kueleza taratibu ujue hatalala. Tunaposema siku hapa duniani tunamaanisha kutoka macheo hadi macheo, saa 24. Hatumaanishi muda wa Dunia kujizungusha mara moja kwa kulinganisha na nyota, ambao ni saa 23 na dakika 56. Tofauti ya dakika nne inatokana na kwamba Dunia ikijizungusha huku inasogea kwenye njia yake, na inabidi izidishe kidogo ili Jua lirudi palepale. Kwetu ni dakika nne tu, hakuna anayejali. Kwa sayari inayojizungusha polepole, kile kidogo kinakuwa kila kitu.

Utaridi hujizungusha mara tatu kamili kila inapolizunguka Jua mara mbili. Ukisimama pale ukaona macheo, macheo yanayofuata yatakuja baada ya siku 176 za Dunia. Hiyo ni miaka miwili ya Utaridi. Mtu angesherehekea kuzaliwa kwake mara mbili kati ya asubuhi moja na nyingine. Zuhura ndiyo kichekesho zaidi: inajizungusha kinyumenyume, kwa hiyo Jua linawahi kurudi, na kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 hivi, pungufu ya mwaka wake wa siku 225.

Kwa hiyo ukipima kwa nyota, ni Zuhura peke yake ambayo siku inaushinda mwaka. Ukipima kwa macheo, ni Utaridi peke yake. Swali moja, majibu mawili, na hayaingiliani hata kidogo. Sijawahi kuona swali lililoharibika kwa uzuri namna hii.

Bi Mhasibu hakukubali kwamba swali lake lilikuwa bovu, na nadhani alikuwa na haki nusu. Vitabu vingi huliuliza hivyohivyo na hujibu Zuhura. Mwalimu akaleta habari ya lugha: Kiswahili chenyewe hakijatulia juu ya siku. Siku ni mchana na usiku wake, lakini mtu akisema amefanya kazi siku nzima hamaanishi kwamba hakulala. Na tukisema usiku wa Ijumaa, kuna watakaouhesabu kabla ya Ijumaa kupambazuka na watakaouhesabu baada ya jua lake kutua. Nahodha akauliza kama tunaweza kurudi kwenye sataranji.

Uamuzi ulinichukua siku nzima (ya macheo). Zamu ilibaki kwa Mdogo wetu, kwa sababu muulizaji alishathibitisha na kuthibitisha hakurudishwi nyuma. Fundi akapewa kitu kipya, zamu ya deni: mara mnyororo utakapokatika, yeye ndiye wa kwanza kuokota. Alikubali. Kasema ataitunza.

Nilichojifunza kama mtunza zamu ni kwamba ugomvi wa majibu karibu wote ni ugomvi wa maneno ya swali. Ukweli wa pande zote mbili ulikuwa uleule, namba zilezile, hakuna aliyebishia 243 wala 176.

Siku ya 19

Swali la 61 lilitoka kwa mwenzetu mmoja ambaye huchota maswali kwenye orodha zilizotayarishwa. Ngamia huhifadhi nini kwenye nundu yake? Mwalimu: mafuta. Muulizaji: hapana. Mwingine: maji. Muulizaji: sahihi!

Ni mafuta. Nundu ni akiba ya mafuta mwilini. Maji ngamia huyalinda kwa njia nyingine: figo zinazobana sana, jasho kidogo, damu inayostahimili ukavu. Orodha yake ilikuwa na kosa naye akaibeba nzima nzima.

Hapa sheria ya "muulizaji ndiye mwenye jibu" ilionekana ya kijinga. Lakini tukiivunja tutabishana kila swali. Tumekubaliana hivi: zamu haihami, ila lahajedwali inaandika jibu la kweli, na muulizaji analipa kwa kuruka zamu yake inayofuata.

Mwalimu, badala ya kununa, alituhadithia kisa ninachokipenda. Fred Worth alitunga ensaiklopidia ya mambo madogomadogo, na ndani yake akatega mtego: aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni, ni Philip. Alilibuni mwenyewe. Baadaye mchezo wa Trivial Pursuit ukatoka, ukiwa na swali la jina la kwanza la Columbo, na jibu lililochapishwa ni Philip. Worth akaenda mahakamani 1984. Akashindwa. Mahakama iliona kwamba kukusanya taarifa kutoka vitabuni si wizi, kwa kuwa taarifa yenyewe haina mwenyewe.

Mdogo wetu aliuliza: kama ni ya kubuni, ni taarifa kweli? Hakuna aliyemjibu, na swali hilo sikuliingiza kwenye hesabu, ingawa lilistahili.

Siku ya 23

Tatizo la Mwalimu. Katika maswali 20 yaliyopita amechukua 11. Hachungulii, nina hakika. Anajua tu. Lakini kuna wenzetu watano ambao hawajauliza hata mara moja, na wiki hii wawili wameacha kubahatisha. Mmoja aliniandikia faraghani: "Nikifika nakuta Mwalimu kashapita."

Nilijaribu kwanza kumwomba asubiri nusu saa. Akasubiri, kwa heshima, kisha akajibu dakika ya 31. Mara nne. Ilikuwa kama kucheza mpira huku mtu mzima amekaa kwenye benchi anaangalia saa.

Kilichofanya kazi ni swali la ngazi. Muulizaji anatoa maelezo manne, la kwanza gumu, la mwisho jepesi, kwa kuachana saa moja. Unaruhusiwa kujibu mara moja tu. Ukikosa umetoka. Hapo mjuzi ana cha kupoteza, na asiyejua sana ana sababu ya kungoja.

Mwenzetu mmoja kati ya wale watano ndiye aliyepata la kwanza, swali la 70. Ngazi ya juu: wanasayansi walinigundua mbali sana miaka mingi kabla ya kunipata duniani. Mwalimu akarukia na kutaja kitu kingine, akatoka. Ngazi ya pili: niligunduliwa 1868, watu walipochunguza mwanga wakati wa kupatwa kwa Jua, na duniani nilipatikana 1895. Ngazi ya tatu: mimi ni gesi isiyoungana na wengine kirahisi. Hapo akajibu. Heli.

Alichukua saa 22 kuuliza swali lake. Nilitaka kumkumbusha kila saa. Nilijizuia, nikajiambia kwamba huyu anachelewa bure, swali ni dakika tano tu.

Siku ya 27

Maswali 80. Nimeona jambo kuhusu kumbukumbu yangu. Majibu niliyoyasoma tu yakipita nimeshayasahau. Niliyobahatisha nikakosa yamenigandia. Ubishi wa Utaridi naweza kuueleza usingizini.

Si mimi peke yangu. Roediger na Karpicke walichapisha jaribio lao 2006: wanafunzi walisoma maandishi, kisha kundi moja likayasoma tena na jingine likajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nimewawekea wenzangu sheria ndogo: bahatisha kabla ya kuandika "mji". Angalau mara moja.

Siku ya 30

Nimejibu swali la 86. Mimi! Katika mwezi mzima nimekuwa nikirekodi ya wengine, na hii ni zamu yangu ya kwanza. Jibu lilikuwa Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na nimelipata kwa sababu tu lilikuwa kwenye safu yangu ya "je, laoza?"

Zimebaki saa 24. Nitaanza baada ya kuoga.

*Zimebaki saa 19.* Nilitaka kuuliza mto mrefu kuliko yote. Refu kwa kipimo gani, ndiyo, kwa kilomita. Lakini Nile na Amazon wana watetezi wao na wapimaji wao. Limefutwa.

*Zimebaki saa 16.* Vita vifupi kuliko vyote katika historia, vya Waingereza na Zanzibar, 27 Agosti 1896. Swali zuri, jibu moja. Halafu nikafikiri: kuna wanaosema dakika 38 na wanaosema 45. Sikuwa nauliza dakika, lakini najua Fundi ataziuliza.

*Zimebaki saa 11.* Mji ulio katika mabara mawili. Rahisi mno, Istanbul, sekunde tatu. Mtunza zamu hawezi kuuliza hivyo.

*Zimebaki saa 6.* Nimelipata. Nchi gani bendera yake ya taifa ina nembo moja mbele na nyingine nyuma? Paraguay. Haliozi haraka, lina jibu moja, na mtu anaweza kulifikiria. Ila nataka kuhakikisha hakuna nyingine. Nimeanza na zile zenye maandishi. Ya Saudi Arabia imeshonwa ili isomeke sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo hapo hakuna hatari. Naendelea na nyingine. Ziko nyingi.

*Zimebaki saa 2.* Wananitania. Bi Mhasibu: "Ndugu mtunza zamu, kumbe kujibu kunaleta deni?" Nimemwambia nipo kwenye uhakiki wa mwisho. Nimeliandika swali, nimebadilisha "nembo" kuwa "alama", nimelirudisha kuwa "nembo". Nalisoma mara moja tena nikiwa nimejilaza.

Siku ya 31

Nimeamka simu ikiwa kifuani, swali limeandikwa lote, halijatumwa.

Nimeingiza kwenye lahajedwali: swali la 87, mnyororo umekatika, aliyekata ni mimi. Kwenye safu ya makadirio ya siku ya kwanza, penye "dakika tano za kutunga swali", nimepiga mstari na kuandika saa 24 na dakika kadhaa. Yule wa heli nimemwandikia faraghani kumwomba radhi kwa jambo ambalo hakujua nililifikiri.

Zamu ikawa huru, na Fundi alikuwa hajasahau deni lake. Kabla ya kuuliza aliomba ruhusa ya kuvunja sheria moja tangu siku ya kwanza, kwa sababu swali lake linagusa sataranji, ingawa halihitaji kujua kucheza. Nilikuwa sina sauti ya kumkatalia.

Swali la 87: "Kwenye ubao wa sataranji kuna miraba mingapi kwa jumla, ya ukubwa wowote?"

Nahodha, miaka yote hiyo mbele ya ubao, ameandika 64 papo hapo. Fundi amemwekea uso wa kucheka, basi. Bi Mhasibu anasema anahesabu asiguswe. Mwalimu anaomba karatasi. Zimebaki saa 23.